Ralph Bunche: Msomi wa Ukoloni Aliyekuwa Mtumishi wa Mataifa

Katika mtaa wa Upper Hill jijini Nairobi, si mbali na Nairobi Hospital, pana barabara iitwayo Ralph Bunche. Watu wengi huipita kila siku wakielekea kazini au kumjulia hali mgonjwa, na yamkini baadhi yao hudhani kwamba jina hilo ni la mlowezi fulani aliyesahaulika, mabaki ya enzi za magavana. Dhana hiyo ni kinyume kabisa cha ukweli. Ralph Johnson Bunche alikuwa Mmarekani mweusi, msomi aliyeutafiti ukoloni kabla ya kuwa mwanadiplomasia, na mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa wapenzi wa Kiswahili analo dai jingine la kukumbukwa. Katika mwaka wa 1937, jijini London, alijifunza lugha hii, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Aghalabu Bunche hutajwa kwa sababu ya Nobel na mapatano ya Mashariki ya Kati yaliyomletea tuzo hiyo. Hata hivyo, kazi yake iliyoigusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi aliifanya miaka mitano kabla ya tuzo, mezani, pasipo wapiga picha, na mizizi yake imo katika tasnifu ya chuo kikuu. Ni vyema basi kumfuata tangu mwanzo.

Alizaliwa mjini Detroit tarehe 7 Agosti. Wasifu wake rasmi hutaja mwaka wa 1904, ingawa watafiti wa baadaye wanaelekeza kwenye 1903. Baba yake, Fred, alikuwa kinyozi, na mama yake, Olive, alipenda sana muziki. Afya ya mama ilipodhoofika, familia ilihamia Albuquerque katika jimbo la New Mexico kwa matumaini kwamba hewa kavu ya huko ingemfaa. Haikumfaa. Alifariki mwaka wa 1917, na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kwenda zake, Ralph na dada yake walibaki mikononi mwa nyanya yao, Lucy Johnson, aliyewapeleka Los Angeles.

Nyanya huyo anastahili kutajwa kwa sababu Bunche mwenyewe hakuacha kumtaja maisha yake yote. Katika shule ya upili kijana alikuwa kinara wa darasa, lakini akaachwa nje ya chama cha wanafunzi bora kwa ajili ya rangi yake. Siku ya kuhitimu, mwaka wa 1922, mwalimu mkuu alitaka kumsifu kwa kueleza kwamba pale shuleni hawakuwahi kumfikiria Ralph kuwa mtu mweusi. Bibi alimkemea papo hapo: hiyo haikuwa sifa, ilikuwa tusi kwa mjukuu wake na kwa jamii yake nzima. Mafunzo ya aina hiyo hayapatikani madarasani.

Aliingia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles kwa ufadhili wa michezo, hasa mpira wa kikapu, na kupata pesa za matumizi kwa kufagia na kusafisha majengo. Mwaka wa 1927 alihitimu akiwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Harvard kilikubali kumfadhili kwa masomo ya uzamili, ila gharama za kuvuka nchi na kujikimu zilimshinda. Hapo ndipo kina mama weusi wa Los Angeles walipochanga dola 1,000 na kumkabidhi. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya mchango kama huo, wala uzito wa deni ambalo kijana hulibeba mgongoni anaposomeshwa na mtaa. Bunche alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1928, akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na huko akaanzisha idara ya sayansi ya siasa. Mwaka wa 1934 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu katika taaluma hiyo.

Tasnifu yake ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Alichagua kulinganisha nchi mbili jirani za Afrika Magharibi zilizokuwa chini ya Ufaransa, Togo na Dahomey. Dahomey ilikuwa koloni la kawaida. Togo ilikuwa ya Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha sehemu yake kubwa ikakabidhiwa Ufaransa chini ya usimamizi wa Ligi ya Mataifa, sawa na jinsi Tanganyika ilivyokabidhiwa Uingereza. Kinadharia, mtawala wa Togo alikuwa mdhamini tu, na alipaswa kutoa hesabu ya uongozi wake mbele ya ulimwengu. Swali la Bunche lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, udhamini huo ulibadilisha chochote katika maisha ya mwananchi wa kawaida?

Alisafiri hadi nchi hizo mbili, akasoma majalada ya serikali, akaangalia kodi, shule, mahakama na kazi za kulazimishwa. Jibu alilorudi nalo lilikuwa kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno. Sababu zake hazikuwa za kificho. Tume ya Ligi ilikaa Geneva ikisoma ripoti zilizoandikwa na watawala wenyewe. Haikuwa na desturi wala uwezo wa kwenda kujionea. Mwananchi aliyetaka kulalamika alilazimika kupitishia malalamiko yake kwa serikali ileile aliyoilalamikia, na mshtakiwa akawa ndiye tarishi wa mashtaka. Harvard ilimpa Bunche tuzo ya tasnifu bora ya mwaka katika fani yake, kisha, kama ilivyo ada ya tasnifu, ikawekwa kwenye rafu. Kwa bahati njema, mwandishi wake hakuisahau.

Katika miaka hiyo Bunche hakuwa mtu wa maneno ya kupaka mafuta. Kitabu chake kidogo kuhusu suala la rangi duniani, kilichotoka mwaka wa 1936, kiliuchambua ubaguzi kama chombo cha unyonyaji wa kiuchumi, na mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kongamano la kitaifa la watu weusi ambalo baadaye lilivutwa na wakomunisti. Mambo hayo mawili yangemrudia kama deni miaka 18 baadaye.

Mwaka wa 1937 alikwenda London kusomea mbinu za utafiti wa anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Kenyatta alikuwa katika darasa hilohilo, akiandaa maandishi yaliyokuja kuwa kitabu chake maarufu kuhusu Wakikuyu. London ya wakati huo ilikuwa njia panda ya Waafrika na wazawa wa Afrika kutoka pembe zote: George Padmore wa Trinidad alikuwepo, mwimbaji Paul Robeson alikuwepo, na mijadala yao ilikesha. Bunche alikuwa amepanga kuzuru Afrika Kusini na Afrika Mashariki, na kwa safari ya pili alihitaji lugha. Kenyatta akamfunza. Ni jambo la kutafakari kwamba kati ya lugha zote ambazo angeweza kuziamini katika utafiti wake wa Kenya, alianza na Kiswahili kabla hata ya kukanyaga nchi yenyewe.

Alifika Kenya mapema mwaka wa 1938, baada ya takribani miezi mitatu Afrika Kusini. Alikuja na kamera ya filamu na daftari. Huko Kiambu alipokelewa katika ukoo wa Chifu Koinange wa Mbiyu, ambaye mwanawe, Mbiyu Koinange, alikuwa amesoma Marekani. Kwa wenyeji, ujio wa mtu huyu ulikuwa na maana ambayo kibali cha utafiti hakikuweza kuieleza. Huyu hapa mtu wa damu ya wale waliochukuliwa utumwani, naye amerejea kwa miguu yake, amevaa suti na anauliza maswali. Wazee walimpa jina Kariuki, jina la aliyefufuka.

Safari hiyo ilizaa makala mawili katika jarida la historia ya watu weusi la Marekani. La mwaka wa 1941 lilihusu sherehe za irua huko Kiambu. La kwanza, la mwaka wa 1939, lilihusu ardhi ya Kenya kwa mtazamo wa chifu wa Kikuyu, na ndilo lenye uzito zaidi kihistoria. Miaka 13 kabla ya kutangazwa kwa hali ya hatari, msomi huyu wa mbali alikwisha kuandika kwamba kiini cha shauri lote la Kenya kilikuwa shamba: nani alilima wapi, nani alifukuzwa, na nani aliandikiwa hati. Laiti maafisa wa Nairobi wangalikuwa wasomaji wa majarida ya aina hiyo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa darasani, naye hakurudi tena kwa maana halisi. Baada ya kumsaidia Gunnar Myrdal wa Uswidi katika uchunguzi mkubwa wa hali ya watu weusi Marekani, ambao Bunche aliuandalia maelfu ya kurasa, alichukuliwa na idara ya ujasusi ya Marekani mwaka wa 1941 kuwa mtaalamu wa mambo ya Afrika. Wataalamu wa bara hili walihesabika kwa vidole. Mwaka wa 1944 alihamia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka wa 1945 alikuwa San Francisco, katika ujumbe wa Marekani kwenye mkutano ulioandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Hapa ndipo tasnifu iliposhuka kutoka rafuni. Mataifa makubwa yalikuwa yanavutana kuhusu makoloni. Waingereza na Wafaransa hawakutaka kuulizwa habari za himaya zao. Jeshi la Marekani nalo lilitaka kubaki na visiwa vya Pasifiki, hivyo Wamarekani hawakuwa na ari kubwa ya kuwabana wenzao. Bunche alikuwa afisa wa ngazi ya kati, wala si waziri. Hakuwa na kura. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa mada kuliko wote waliokuwa mezani, na kalamu. Alishiriki kuandaa rasimu za sura zinazohusu nchi zisizojitawala na nchi za udhamini, yaani Sura ya XI na ya XII, na katika maandishi yaliyopitishwa mna majibu ya moja kwa moja kwa kasoro alizozigundua Togo. Baraza jipya la Udhamini lilipewa haki ya kupokea malalamiko ya wananchi. Lilipewa haki ya kutuma wajumbe kwenda kujionea. Na lengo la udhamini liliandikwa wazi kuwa ni kuelekea kujitawala au uhuru. Mwaka wa 1946 alijiunga na Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa kuongoza kitengo cha udhamini, na kwa njia hiyo akawa msimamizi wa utekelezaji wa vifungu alivyosaidia kuviandika.

Nchi za udhamini zilikuwa 11, na mbili kati yake zilipakana na Kenya: Tanganyika, na Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Ruanda-Urundi nayo haikuwa mbali. Thamani ya vifungu hivyo ilionekana mwaka wa 1952, Kirilo Japhet alipofika New York kuwasemea Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Hawakurudishiwa ardhi, na hilo lisifichwe. Hata hivyo, dunia nzima ilimsikia mkulima wa Tanganyika akiishtaki serikali ya Uingereza kwa kinywa chake, jambo ambalo Mdahomey wa mwaka wa 1932 asingeliota. Mwaka wa 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizuru Tanganyika na kupendekeza kuwa ipangiwe muda wa kujitawala, na Machi 1955 Julius Nyerere akapanda kwenye barazani hilohilo kuutetea msimamo wa TANU. Tanganyika ikajitawala tarehe 9 Disemba 1961. Kenya, iliyokuwa koloni na si nchi ya udhamini, haikuwa na mlango huo. Wazee wa Kiambu waliomwita Bunche Kariuki walibaki na sura ile nyingine ya Mkataba, yenye maneno mazuri na meno machache, na historia iliyofuata ya nchi hii inajulikana. Kulinganisha njia za majirani hawa wawili kungefaa kuwa tasnifu ya Bunche ya pili.

Palestina ilimjia bila yeye kuitafuta. Mwaka wa 1947 alipelekwa kuisaidia tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza mustakabali wa nchi hiyo. Tume ikagawanyika, na inakumbukwa kwamba yeye aliwaandikia rasimu wajumbe walio wengi na walio wachache pia, kila upande ukiridhika kwamba hoja zake zimeelezwa kwa uaminifu. Vita vilipozuka Mei 1948, Umoja wa Mataifa ulimteua Folke Bernadotte wa Uswidi kuwa mpatanishi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Tarehe 17 Septemba mwaka huo Bernadotte alipigwa risasi mjini Yerusalemu na watu wa kundi la Kizayuni la Lehi. Bunche alitarajiwa kuwa katika gari hilo lakini alichelewa njiani. Kanali André Sérot wa Ufaransa, aliyeketi kwenye nafasi hiyo, aliuawa pamoja na Bernadotte. Siku hiyohiyo jukumu la upatanishi lilimwangukia Bunche.

Mazungumzo kati ya Misri na Israeli yalianza Januari 1949 katika hoteli moja kisiwani Rhodes, Ugiriki. Namna alivyoyaendesha ingali inafundishwa. Wamisri hawakutaka kukaa meza moja na Waisraeli, kwa sababu kukaa nao kungekuwa kuitambua nchi yao. Bunche hakuwalazimisha. Alizungumza na kila upande kwa faragha, akipeleka na kurudisha rasimu, kisha akawakutanisha kwa jambo dogo lisiloumiza, kama vile kukubaliana kuhusu utaratibu wa vikao. Wakatia sahihi utaratibu. Aliamini kwamba mkono uliozoea kutia sahihi kwenye mambo madogo hautetemeki sana likija kubwa. Kila neno lililogomewa aliliondoa, akatafuta jingine ambalo kila mmoja angeweza kulisoma nyumbani kwake bila aibu. Wanafunzi wa semantiki wangemwelewa upesi.

Ugumu mkubwa ulikuwa kikosi cha Wamisri kilichozingirwa huko Faluja, ambamo alikuwemo afisa kijana kwa jina Gamal Abdel Nasser. Misri isingetia sahihi bila kikosi hicho kuachiliwa, na Israeli haikutaka kuachia karata yake. Vikao vilipita usiku wa manane. Wajumbe walipochoka, Bunche aliwacheza biliadi. Inasimuliwa pia kwamba aliagiza sahani za udongo za ukumbusho zenye jina la mazungumzo hayo, akawaonyesha wajumbe na kuwaambia kwamba wakikubaliana kila mmoja atapewa yake, na wasipokubaliana atazivunjia vichwani mwao. Tarehe 24 Februari Misri na Israeli zilitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Lebanoni ilifuata tarehe 23 Machi, Jordan tarehe 3 Aprili na Syria tarehe 20 Julai.

Mikataba hiyo ilinyamazisha bunduki lakini haikuleta amani, na Bunche hakudai vinginevyo. Wapalestina wenyewe hawakuwa na kiti mezani, na wakimbizi wao, takribani watu 700,000, walibaki makambini wakisubiri suluhu ambayo haikuja. Upatanishi unaweza kuwapatanisha walioalikwa tu. Waliobaki nje ya ukumbi hawamo katika sahihi, na yeyote asomaye sifa za Rhodes hana budi kulikumbuka hilo.

Habari za Nobel zilipomfikia mwaka wa 1950, alifikiria kuikataa kwa hoja kwamba mtumishi wa Sekretarieti hapaswi kuzawadiwa kwa kutimiza wajibu wake. Katibu Mkuu, Trygve Lie, alimtaka aipokee kwa heshima ya Umoja wa Mataifa. Mwaka uliotangulia alikuwa amekataa jambo jingine, na mara hii hakubadili nia: Rais Truman alitaka kumfanya naibu waziri wa mambo ya nje. Bunche alikwisha kuishi Washington. Aliijua hali ya mji ambao mtoto wake hangeweza kuingia shule iliyo karibu na nyumbani, na hakuona sababu ya kuirudisha familia yake huko ili yeye apate cheo.

Umaarufu haukumkinga. Katika mwaka wa 1954, wimbi la kuwasaka wakomunisti lilipokuwa limefura, aliitwa mbele ya bodi ya uaminifu kujibu maswali kuhusu maandishi na marafiki wake wa miaka ya 1930. Alijibu kwa makabrasha, tarehe kwa tarehe, na bodi ikamsafisha kwa kauli moja. Mwaka wa 1959 klabu ya tenisi ya Forest Hills, New York, ilimkatalia mwanawe uanachama kwa sababu ya rangi. Habari zilipoenea, rais wa klabu alijiuzulu na familia ikaalikwa. Bunche alikataa mwaliko, akieleza kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya umashuhuri wa mtu mmoja haujafunguliwa kwa watu weusi. Ni dhahiri kwamba sauti ya nyanya ilikuwa bado haijanyamaza.

Mwaka wa 1956, Waingereza, Wafaransa na Waisraeli walipoishambulia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alimpa Bunche kazi ya kuunda jeshi la kwanza la kulinda amani la Umoja wa Mataifa. Askari wapatao 6,000 kutoka nchi 10 walikusanywa kwa majuma machache, wakavishwa kofia za buluu ili wasidhaniwe kuwa wa jeshi lolote katika yale yaliyopigana. Yeye mwenyewe aliihesabu kazi hiyo kuwa ya kuridhisha kuliko zote.

Kongo ilikuwa mtihani wa aina nyingine. Bunche alifika Léopoldville siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, akitarajia kujadili misaada ya kiufundi kwa taifa changa. Katika juma la kwanza askari waliwaasi maafisa wao Wabelgiji. Ubelgiji ikarudisha majeshi pasipo idhini, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga, mkoa wenye shaba. Baraza la Usalama liliamua kupeleka majeshi usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai, na vikosi vya kwanza viliwasili siku iliyofuata. Mtu aliyepaswa kuvipokea, kuvilisha na kuvielekeza alikuwa Bunche, profesa wa zamani ambaye mwili wake ulikuwa umeanza kulemewa na kisukari.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliamini kwamba majeshi hayo yalikuja kuirudisha Katanga. Umoja wa Mataifa ulishikilia kwamba majeshi yake hayangeingilia ugomvi wa ndani. Mapema Agosti Bunche aliruka hadi Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi siku hizi, ambao wakazi wake walizungumza Kiswahili chao wenyewe cha migodini, ili kuandaa njia ya askari kuingia. Tshombe alitishia kupigana. Bunche alipima hali, akaona kuwa damu ingemwagika, akamshauri Hammarskjöld aahirishe. Kwake huo ulikuwa uangalifu. Kwa Lumumba ulikuwa usaliti, kwani kila siku ya kuahirisha iliwapa Wabelgiji na Tshombe nafasi ya kujiimarisha. Wiki moja baadaye Hammarskjöld aliingiza askari wachache Katanga bila kumwagika damu, lakini chini ya masharti ambayo yalimwacha Tshombe madarakani. Lumumba akavunja uhusiano na Katibu Mkuu. Bunche aliondoka mwishoni mwa Agosti. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, katika ardhi ya Katanga.

Si haki kumtwika Bunche mzigo wa kifo hicho, kwani waliokitaka na kukitekeleza wanajulikana, na Brussels ilikuwa na mkono wake. Lakini si haki pia kuipita Kongo kimyakimya, kama wasifu mwingi wa kumsifu unavyofanya. Mbinu ya Rhodes ilihitaji pande mbili zilizochoka kupigana, zenye wajumbe wenye mamlaka ya kutia sahihi, na muda wa kutafuta neno linalofaa. Kongo haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Upande mmoja ulikuwa serikali halali ya siku chache, na upande wa pili mkoa uliosimamishwa na bunduki za watu wa nje. Kusimama katikati ya pande kama hizo si sawa na kusimama katikati ya Misri na Israeli. Isitoshe, Bunche hakumwamini Lumumba, alimwona mwepesi wa hasira na mgumu wa kutabirika, na kwa mtu aliyewahi kuandika kwa ukali juu ya wanaonyonya makoloni, inashangaza kwamba hakuisoma hasira hiyo kwa huruma zaidi. Utumishi wa umma humfunza mtu kutoonyesha upande, na huenda baada ya miaka mingi ukamzuia hata kuuona.

Marekani kwenyewe vijana wengi weusi wa miaka ya 1960 walimtazama kwa jicho hilohilo, wakamwona kama mtu wa kupendeza wazungu. Tuhuma hiyo ilimchoma. Alishiriki maandamano ya Washington ya mwaka wa 1963, na mwaka wa 1965, akiwa mgonjwa, aliandamana mstari wa mbele pamoja na Martin Luther King kutoka Selma kuelekea Montgomery. Kazini aliendelea kusimamia shughuli za kulinda amani chini ya U Thant, zikiwemo za Yemeni na za kisiwa cha Cyprus, ambako askari wa Umoja wa Mataifa waliwasili mwaka wa 1964 na hawajaondoka.

Pigo la mwisho lilitoka mahali alipopata ushindi. Mei 1967 Nasser, yule afisa wa Faluja ambaye sasa alikuwa rais wa Misri, alitaka jeshi la Umoja wa Mataifa liondoke katika ardhi yake. Kisheria, jeshi hilo lilikuwepo kwa ridhaa ya Misri, na Bunche alijua hivyo kuliko yeyote, maana yeye ndiye aliyelijenga juu ya msingi huo. Likaondoka. Tarehe 5 Juni vita vya siku sita vikaanza, na mistari iliyochorwa Rhodes ikafutika.

Macho yake yalikuwa yanafifia kwa kisukari, na figo na moyo vilikuwa vimechoka. Aliomba kustaafu zaidi ya mara moja, na kila mara Katibu Mkuu alimsihi abaki. Aliachia ofisi mwaka wa 1971. Alifariki New York tarehe 9 Disemba mwaka huo, siku ambayo Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka 10 tangu itoke chini ya udhamini, na akazikwa katika makaburi ya Woodlawn mtaani Bronx.